Taa ya breki ya ekzosi ilinidanganya Kitonga

Canter yangu ya kwanza niliinunua mkononi mwa mtu. Tani tatu na nusu, bodi safi, injini haili oili. Safari ya kwanza nikapakia viazi Njombe kuleta Dar. Juu ya Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, nikavuta kale kamkono ka chini ya usukani ka kuwashia breki ya ekzosi, ile inayozuia gari kwa kuziba moshi wa injini, taa yake ikawaka kwenye dashibodi, nikajiona nimemaliza kazi. Gari ilikuwa gia ya nne.

Baada ya kona chache mwendo ukawa unaongezeka. Nikakanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga tena. Utingo akasema, "Bosi, kuna kitu kinaungua." Zilikuwa breki zangu. Pedali ikaanza kuzama kama nakanyaga godoro. Nikalazimisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena, na Mungu akasaidia nikasimama pembeni. Tulikaa pale karibu saa nzima dramu zikifuka moshi.

Fundi Morogoro aliingia chini, akacheka. Mpira wa vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaoifunga vali ya ekzosi, ulikuwa umechomolewa na kuzibwa kwa bolti. Vali iliganda kwa masizi, gari ikakosa nguvu, mtu akaona dawa ni kuifungua kwa nyundo na kuinyima vakyumu. Taa iliwaka kwa sababu taa ni umeme tu. Inakwambia swichi imewashwa, haikwambii kama vali imefunga.

Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa. Injini ya dizeli ukiachia mafuta bado inavuta hewa tele, kwa hiyo peke yake haishiki gari kama ya petroli. Vali inaziba njia ya moshi, pistoni zinasukuma hewa isiyo na pa kutokea, gari inazuiliwa. Ukiwa na pikapu kama Hilux, haina vali hiyo kutoka kiwandani, kwa hiyo usiutafute mkono, tegemea gia.

Hata ikiwa nzima, gia ndiyo inayoipa nguvu. Resi, yaani mzunguko wa injini, ikiwa chini vali haina cha kubana. Wazee wa barabara wanasema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na mimi naongeza: iingize kabla ya mteremko, ukiwa bado juu. Ukikanyaga klachi breki ya ekzosi inajiachia palepale, kwa hiyo kubadilisha gia katikati ya Kitonga na mzigo ni kujipa sekunde ambazo gari haishikwi na chochote ila mguu wako. Na kuweka free kuokoa mafuta, hilo sitaki hata kulijadili.

Breki ya mguu itumie, lakini kwa kukanyaga kwa uthabiti mpaka mwendo ushuke, kisha uachie zipoe. Kuiegemea njia nzima ndiko kunakochemsha mafuta ya breki. Kwenye tope au mvua, gari ikiwa tupu, zima ya ekzosi: inashika magurudumu ya nyuma tu, na mkia unaweza kukupita. Kumbuka pia kwamba kwenye gari nyingi haiwashi taa za nyuma, kwa hiyo aliye nyuma yako hajui unapunguza. Gusa pedali ya breki kidogo aone.

Itumie mara kwa mara hata tambarare, masizi yasiigandishe. Ukiiwasha na kuachia mafuta, mlio wa moshi lazima ubadilike na gari ivutwe nyuma. Usiposikia tofauti, usishuke mlima ukiitegemea.

Siku hizi nikienda kuangalia Canter ya kununua, kabla ya kuuliza bei nalala chini, naufuata ule mpira kwa mkono mpaka kwenye vali.