Msomaji Anauliza: Bima Iliyonitibu Inaidai Fidia Yangu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, na kazi yangu ni ya ghala la mizigo. Mwaka jana dereva aliyepita taa nyekundu aliligonga gari langu ubavuni, nikavunjika bega na nyonga. Bima ya gari langu ililipa dola 20,000 za mwanzo za matibabu, kisha ikasema imefika ukomo. Zilizobaki, dola 48,000, zililipwa na bima ya afya ya kazini, ambayo mimi hukatwa mshahara kila baada ya wiki mbili. Sasa bima ya dereva yule imekubali kutoa dola 100,000, na hicho ndicho kikomo cha mkataba wake. Wakili atachukua theluthi, na gharama za kesi, hasa ripoti za madaktari, ni dola 2,667. Kabla sijasaini nimepata barua kutoka kampuni nisiyoijua kabisa, inayosema kwamba inaiwakilisha bima ya afya na kwamba lazima irejeshewe dola 48,000 zote kabla mimi sijagusa kitu. Mjomba wangu ananishauri nipokee hundi na kuitumia upesi, kwa kuwa pesa ikishaliwa haidaiki. Je, bima niliyoilipia kwa jasho langu ina haki gani juu ya fidia ya mifupa yangu? – Bi M., Brooklyn Park.

JIBU: Pole sana, dada, kwa ajali na kwa barua. Haki wanayoitaja ipo, lakini barua hiyo si hukumu, na kiasi kilichoandikwa ndani yake ni ombi la mdai. Kiasi utakachopaswa kurudisha hasa kinategemea jambo ambalo barua za namna hii kwa kawaida hazilitaji: ni mfuko wa nani uliolipa hospitali.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wanaijua kanuni hii kwa upande wa magari, kwamba bima ikishakulipa gharama za gari lililogongwa, inashika nafasi yako na kumdai aliyeligonga. Nchini Marekani kanuni hiyo imeingia hadi kwenye bima za afya, na mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba mgonjwa akilipwa na aliyemuumiza, bima nayo irudishiwe ilichotoa. Hoja yao ni kwamba mtu asilipwe mara mbili kwa jeraha moja. Hoja hiyo ina mashiko pale fidia inapotosheleza hasara yote. Pale dereva aliyekosea anapokuwa na bima ndogo, kama huyu wako, mimi binafsi huona kwamba anayelipwa mara mbili ni bima, kwa sababu imekusanya michango na kisha imerudishiwa matumizi.

Sasa tuje kwenye mfuko. Mipango ya afya inayotolewa na waajiri binafsi husimamiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayojulikana kwa kifupi kama ERISA. Chini ya sheria hiyo kuna waajiri wa aina mbili: wapo wanaonunua bima kwa kampuni ya bima, nayo ikabeba hasara, na wapo, hasa wenye wafanyakazi wengi, wanaolipa matibabu kwa fedha zao wenyewe na kuiajiri kampuni ya bima ishughulikie makaratasi tu. Kadi ya bima haikusaidii kuwatofautisha, maana katika hali zote mbili nembo ya kampuni ileile huonekana juu yake. Hata hivyo sheria huwatenga kabisa. Katika kesi ya FMC Corp. dhidi ya Holliday ya mwaka 1990, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za majimbo zinazozuia bima kudai fidia ya majeruhi zinaifikia bima iliyonunuliwa, lakini hazimgusi mwajiri anayelipa kwa mfuko wake mwenyewe.

Kwako wewe tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa Minnesota ina sheria nzuri. Kifungu cha 62A.095 cha sheria za jimbo hilo kinaruhusu bima ya afya kudai baada tu ya mwenye bima kufidiwa kikamilifu kutoka kwingine, na hata hapo ni lazima ipunguze dai lake kwa sehemu yake ya ada ya wakili na gharama za kuzipata fedha hizo. Ikiwa bima yako ilinunuliwa, na wakili wako anaweza kuonyesha kwamba maumivu, mishahara uliyokosa na nyonga isiyorudi kama zamani vina thamani inayozidi sana dola 100,000 ulizopewa kwa sababu tu mkataba wa dereva uliishia hapo, basi anayo hoja nzito ya kuwajibu kwamba hawadai chochote.

Ikiwa ni mwajiri aliyelipa mwenyewe, ngao hiyo haipo, na maneno ya mpango wake ndiyo yatakayotawala. Chukua karatasi tupige hesabu. Katika dola 100,000, wakili atachukua 33,333 na gharama ni 2,667, kwa hiyo zinabaki 64,000. Wakipewa 48,000 zao kamili, wewe utaondoka na dola 16,000 kwa bega na nyonga. Lakini ikiwa mpango hausemi lolote kuhusu ada ya wakili, kuna kanuni ya zamani kwamba anayenufaika na fedha zilizotafutwa na mwingine achangie gharama za kuzitafuta. Gharama zako ni asilimia 36. Dai lao likipunguzwa kwa kiwango hicho linakuwa dola 30,720, nawe unabaki na 33,280. Tofauti ya dola 17,280 inatokana na sentensi moja kuwemo au kutokuwemo katika hati ambayo huenda hujawahi kuiona.

Huo ndio mgogoro ulioamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2013 katika kesi ya US Airways dhidi ya McCutchen. Mfanyakazi huyo aliumia katika ajali ya gari, mpango wa mwajiri ukamlipia dola 66,866, naye kwa jasho la mawakili wake akapata dola 110,000 tu. Mawakili walipochukua asilimia 40, alibaki na dola 66,000. Mpango ukadai 66,866 zake zote, yaani mtu aliyevunjwavunjwa na ajali aondoke na deni la dola 866 juu yake. Mahakama ilisema kwamba huruma na usawa haviwezi kuyapindua maneno ya mpango yaliyo wazi. Lakini kwa kuwa mpango ule haukutaja ada ya wakili, pengo hilo lingejazwa na kanuni ya kuchangia gharama. Tangu hapo waandishi wengi wa mipango wamejifunza kuiziba nafasi hiyo kwa kuandika wazi kwamba hawachangii kitu, na ndiyo sababu sikuahidi matokeo kabla hati haijasomwa.

Kwa hiyo mwombe wakili wako amwandikie msimamizi wa mpango, si kampuni iliyokutumia barua, na ampe siku zake. Sheria inamtaka msimamizi atoe hati za mpango kwa mshiriki aliyeziomba kwa maandishi; akipitisha siku 30 bila kuzitoa, jaji anaweza kumtoza hadi dola 110 kwa kila siku ya ucheleweshaji. Ombeni hati ya mpango yenyewe pamoja na muhtasari wake, kwa sababu mwaka 2011, katika kesi ya CIGNA dhidi ya Amara, Mahakama ya Juu ilisema kwamba maneno ya muhtasari peke yake si masharti ya mpango. Ombeni pia orodha ya malipo, mstari kwa mstari, na uipitie wewe mwenyewe usiku mmoja ukiwa umetulia. Katika orodha za namna hii si ajabu kukuta ziara ya daktari wa meno au dawa za shinikizo la damu ulizokuwa ukizitumia kabla ya ajali zimejumuishwa humo.

Kuna jambo la Minnesota ambalo naliweka kabla ya ushauri wa mjomba, kwa kuwa linahusu saini yako. Bima ya gari lako ina kipengele kinachokulipa pale bima ya aliyekugonga inapokuwa ndogo kuliko madhara. Ukisaini makubaliano na bima ya dereva bila kuipa kwanza bima ya gari lako taarifa ya maandishi ya siku 30, unaweza kuipoteza haki hiyo, kwa sababu utakuwa umemsamehe dereva ambaye bima yako nayo ilikuwa na haki ya kumdai. Utaratibu huo unatokana na hukumu ya Schmidt dhidi ya Clothier ya mwaka 1983. Mwulize wakili kama taarifa imekwenda, na akuonyeshe nakala.

Mjomba wako hakukosea moja kwa moja. ERISA inauruhusu mpango kudai nafuu ya ekwiti tu, maana yake inazifuata fedha zenyewe pale zilipo, haikudai wewe kama mdeni wa kawaida. Mwaka 2016, katika kesi ya Montanile, mpango uliotoa dola zaidi ya 121,000 ulimdai mtu aliyepata dola 500,000. Wakili wake aliupa mpango siku 14 za kupinga kabla hajamkabidhi mteja fedha zilizobaki, mpango ukanyamaza na kuja kushtaki baada ya miezi 6. Mahakama ikasema kwamba ikiwa fedha zimeliwa katika vitu visivyofuatilika, kama chakula au safari, mpango hauwezi kurukia mali zake nyingine. Lakini angalia yale ambayo mjomba hakuyasema. Ukinunua gari au kiwanja, fedha zimefuatilika. Zikiwa bado kwenye akaunti ya amana ya wakili, zinashikika, na wakili anayejua kuna dai hatakubali kuiweka leseni yake rehani kwa ajili yako. Isitoshe, mipango mingi ina kifungu kinachoiruhusu kukata deni hilo katika matibabu yako yajayo, na mtu mwenye nyonga iliyovunjika atarudi hospitali. Mwache wakili azishikilie dola 48,000 kwenye amana, akukabidhi zisizogombaniwa, kisha ajadiliane nao. Wadai hawa hupunguza mara nyingi kuliko barua zao zinavyoonyesha, hasa wanapoelezwa kwamba hakuna fedha nyingine nyuma ya hizo 100,000.

SWALI: Mimi ni baba kutoka Bukavu, tunaishi Louisville, Kentucky. Mtoto wangu aligongwa na lori akivuka barabara, na matibabu yake yote yamelipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Tumeambiwa serikali itachukua fidia yake yote kwa sababu tulisaini karatasi tulipojiunga. Je, ni kweli? – Baba Furaha.

JIBU: Ni kweli kwamba kujiunga na Medicaid hulikabidhi jimbo haki ya kurudishiwa gharama za matibabu. Si kweli kwamba linachukua fidia yote. Mwaka 2006, katika kesi ya Ahlborn kutoka Arkansas, Medicaid ilikuwa imelipa dola 215,645.30 kwa ajili ya mwanafunzi wa kike aliyeumia ubongo, naye akapata dola 550,000 wakati hasara yake halisi ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 3. Kwa kuwa alipata takribani sehemu moja ya sita ya hasara, Mahakama ya Juu ilisema, kwa kauli moja, kwamba jimbo nalo lipate sehemu ya sita ya dai lake, dola 35,581.47. Fedha za maumivu na za mshahara hazikuguswa.

Mwaka 2022 mambo yalikazwa. Katika kesi ya Gallardo kutoka Florida, iliyohusu msichana aliyegongwa na pikapu baada ya kushuka basi la shule, Mahakama iliruhusu jimbo kufikia pia ile sehemu ya fidia iliyotengwa kwa matibabu ya baadaye, si ya nyuma peke yake. Kwa mtoto atakayehitaji huduma kwa miaka mingi, sehemu hiyo huwa kubwa. Kwa hiyo, Baba Furaha, mgawanyo wa fidia katika mafungu yake uandikwe kwa uangalifu na uwe na ushahidi wa daktari nyuma yake, na msisaini makubaliano yanayotaja jumla moja tu bila kusema kila fungu ni la nini. Mwulize wakili pia kuhusu amana maalumu kwa mtu mwenye ulemavu, ili fedha zitakazobaki zisimwondolee mtoto sifa ya kuendelea kupata Medicaid.

SWALI: Mama yangu wa miaka 74 ana Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Alianguka dukani na amelipwa fidia. Tuna muda gani? – Msomaji, Houston.

JIBU: Mfupi. Kwa sheria iliyoanza mwaka 1980, Medicare inapolipa matibabu ambayo mwingine alipaswa kuyalipa, malipo hayo ni ya muda tu. Mkishapokea barua ya madai ya mwisho, riba huanza kuhesabiwa kama hamjalipa ndani ya siku 60. Afadhali yake ni kwamba Medicare hupunguza dai lake kwa sehemu ya ada ya wakili na gharama, hivyo wapelekeeni hesabu ya gharama hizo mara moja, na mkague kwenye orodha yao kama matibabu yote yanahusu kule kuanguka.