Jibu: Kugawa oda ya kompyuta ili kukwepa zabuni

Mkuu, umeuliza kama shule inaweza kugawa oda ya kompyuta mara mbili ili kila moja ikae chini ya kiwango cha zabuni (kiasi ambacho manunuzi yakikizidi lazima yatangazwe kwa ushindani). Usithubutu aisee. Hicho ndo kitu mkaguzi anakitafuta mapema kabisa, oda mbili za mwezi mmoja, bidhaa ileile, supplaya yuleyule, hata mtoto anaona. Kinachohesabiwa ni thamani ya mahitaji yote kwa pamoja, sio ya kila karatasi.

Halafu kabla hamjaomba kotesheni (bei za maandishi toka kwa masupplaya) someni masharti ya ruzuku mnayonunulia hizo kompyuta, kuna hela zimefungwa kwa matumizi fulani tu na zingine lazima zitumike kabla mwaka wa fedha haujaisha. Na kwenye bei msiangalie ya kununulia peke yake, kuna leseni, matengenezo, waranti, wino wa printa (huo wino ndo unafilisi shule kimyakimya). Kwenye spesifikesheni (maelezo ya mnachotaka kununua) andikeni uwezo wa mashine, sio brandi.

Mjumbe wa kamati ya manunuzi mwenye ndugu kwenye kampuni inayoomba kuwauzia atangaze kwa maandishi na asikae kwenye tathmini. Mkiwa na wasiwasi ulizeni ofisi ya elimu inayowasimamia sasa hivi, mkishasaini mkataba kujinasua ni shughuli.