Niingie kikundi au niache pombe peke yangu?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni lazima uingie kikundi ilhali unaona aibu kuongea mbele za watu. Si lazima. Ila nakusihi uhudhurie hata mara tatu nne kabla ya kukataa, maana vikundi havifanani. Cha kwanza kisipokufaa, cha pili huenda kikakufaa. Kule Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, hakuna ada, na sharti ni moja tu: uwe na nia ya kuacha. Hulazimishwi kusema. Zamu ikikufikia unasema "leo nasikiliza tu," wanaendelea na mwingine. Faida kubwa mara nyingi huja baada ya kikao, pale mtu anapokupa namba yake na kukwambia umpigie hamu ikikubana usiku. Ukiwa peke yako hulipati hilo. Kama habari za Mungu katika hatua 12 ambazo Alcoholics Anonymous huzifuata ili kuacha pombe zinakukwaza, jaribu SMART Recovery, vikundi vingine vya kuacha pombe, wao hawazitumii.

Halafu hili ni zito: kama unakunywa kila siku na ukikosa asubuhi mikono inatetemeka, usiache ghafla. Muone daktari kwanza. Degedege la kuacha pombe linaweza kuua, na kikundi hakitibu hilo.