Maswali ya Wasomaji: Kistari na Ngazi katika Kamusi ya Kiingereza

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani wa Temeke, ninajifunza Kiingereza jioni. Katika kamusi yangu neno "record" limetolewa matamshi mawili, kistari kidogo cha juu kikihama mahali, na kwingineko naona A2 au B1. Alama hizi zina maana gani?

JIBU: Marahaba. Kistari hicho hutangulia silabi yenye mkazo. Sisi tumezoea mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ingawa hata kwetu kondakta hupita barabara ya Kilwa, na shati lako hushonwa barabara, na hakuna anayechanganya maneno hayo mawili kwa kuwa mkazo umesogea. Ndivyo ilivyo kwa "record": ukikazia mwanzo unataja kumbukumbu, ukikazia mwisho unasema kurekodi. Tahajia usiitegemee sana, maana "debt", yaani deni, ina "b" isiyotamkwa kabisa, jambo ambalo binafsi naliona ni uchokozi tu.

Hizo A2 na B1 ni ngazi za ugumu, sita kwa jumla, kuanzia A1 hadi C2, katika mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Kamusi makini huipa ngazi kila maana peke yake: "bank" ya kuweka fedha hujifunzwa mapema, ilhali "bank" ya ukingo wa mto husubiri ngazi ya juu zaidi.