Muulize Nesi: “Nitasema nini mbele ya madaktari?”

*Shikamoo Nesi. Nauza chapati na maharagwe hapa Mukuru kwa Njenga, karibu na steji. Kitinda mimba wangu ana miaka saba na ana pumu. Usiku mwingine tunakimbia naye kliniki. Wiki jana mhudumu wa afya wa mtaa wetu aliniletea barua, kwamba watafiti wanaita wazazi wa watoto wenye pumu kwenye mkutano wa siku moja mjini, tuwasaidie “kuchagua vipaumbele vya utafiti”. Nitapewa nauli na chakula cha mchana. Nesi, mimi niliishia darasa la nane. Tena watu wenye tableti wamepita kwangu mara nyingi, wakaniuliza napikia nini na nina choo cha aina gani, wakaenda, hatukuwaona tena. Je, niende? Na nikienda nitasema nini mbele ya madaktari?*
— Mama Chapo, Mukuru

Marahaba, Mama Chapo. Nenda. Ila kabla hujafunga kibanda siku hiyo, piga simu kwa nambari iliyo kwenye barua, uulize kama utafiti wenyewe ushaandikwa na kupata pesa, au bado. Wakisema utafiti umeshapata pesa, basi wanachotaka ni maoni yako kuhusu fomu ya ridhaa, saa za kuwatembelea watu, na namna ya kuingia mtaani bila kuzua uvumi. Ni kazi ya maana, siidharau. Kule Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kina wawakilishi waliochaguliwa na wenyeji ambao hukutana na watafiti kwa mashauri ya namna hiyo. Lakini hapo hujachagua utafiti. Ugali ulishasongwa, unaulizwa tu uletewe kwa sahani gani. Wakisema bado, funga kibanda na uende mapema.

Nimekaa katika mikutano hii nikiwa muuguzi wa kliniki ya watoto huko Eastlands, na nimeona mmoja ambao ungekukasirisha. Mada 12 zilikuwa zimechapishwa tayari, kwa Kiingereza, na tukapewa vibandiko vyekundu tubandike kwenye tunazozipenda. Mama mmoja muuza samaki akauliza swali lake aliandike wapi. Hapakuwa na mahali.

Inaweza kufanywa vizuri. Uingereza, mwaka wa 2004, kulianzishwa kitu kinachoitwa James Lind Alliance. Wao huwakusanya wagonjwa, wanaowatunza, na madaktari na wauguzi wanaotibu, wote wakiwa na sauti sawa, na makampuni ya dawa hubaki nje. Kila mmoja hutoa maswali yanayomsumbua. Maswali ambayo sayansi imeshayajibu huondolewa. Yanayobaki hupangwa kwa uzito, mpaka siku ya mwisho watu wanaketi chumba kimoja na kubishana hadi wakubaliane juu ya kumi. Na ugonjwa wa kwanza kufanyiwa hivyo ulikuwa huu wa mwanao, pumu, na orodha yake ikatoka 2007. Miongoni mwa yaliyopanda juu ni madhara ya kutumia dawa za pumu miaka mingi, kwa watu wazima na kwa watoto, na kama mazoezi ya kupumua yanasaidia. Ukiyasoma unajua yametoka kwa watu wanaotumia hizo dawa, si wanaoziuza.

Sasa nitakwambia la kusema. Usiende na majibu, hayo waachie. Nenda na yale unayojiuliza saa nane za usiku. Je, nikiacha makaa nikanunua mtungi wa gesi, mtoto atapata nafuu ikiwa jirani, ukuta wa mabati kati yetu, bado anawasha jiko la makaa? Kwa nini watoto wengi hapa wana inhela ya bluu peke yake, ile ya kutuliza, na si ile ya kuzuia? Mwalimu amfanyeje mtoto anayeshikwa darasani, ikiwa inhela imefungiwa ofisini? Daktari anayeishi mtaa usio na moshi hawezi kuyatunga maswali hayo, hata awe na digrii ngapi.

Na usidhani swali la mtu maskini ni swali dogo. Mwaka wa 1999 watafiti wa Cape Town walichapisha jibu la swali ambalo mama yeyote wa Mukuru angeliuliza: kile chombo cha plastiki cha kuunganisha na inhela, ambacho dukani ni bei ghali, kinaweza kubadilishwa na chupa? Walipima kwa watoto waliokuwa wamebanwa kifua, wakaona chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa vizuri pale inhela inapoingia, inafanya kazi sawa na kile cha dukani. Kikombe cha plastiki chepesi hakikufanya vizuri. (Usitoboe chupa kabla ya kuonyeshwa na muuguzi wako, tundu likiwa kubwa dawa yote inatoka pembeni.)

Mambo ya pesa sema bila aibu. Nauli si malipo. Uingereza wananchi wanaofanya kazi hii hulipwa kwa muda wao, na wewe siku usipochoma chapati kodi haikungoji. Omba karatasi zije mapema, kwa Kiswahili. Omba uende na mzazi mwenzako, maana mtu mmoja kati ya maprofesa hunyamaza hata akiwa na ulimi mkali. Tena nyinyi wa Mukuru si wageni wa mambo haya. Kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka wa 2017, kaya zilijipanga kwa vikundi vidogo na wajumbe wakapeleka maoni ya barabara, maji na afya. Watafute wale wajumbe, wanajua jinsi ofisi zinavyozungusha watu.

Mwisho wa mkutano uliza orodha itapelekwa kwa nani mwenye pesa, na lini. Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti kila mwaka, na hatujakaribia hapo. Kwa hiyo utafiti mwingi wa afya hulipiwa na wafadhili wa nje, ambao huja na orodha yao mkononi.

*Nesi, hii ya kuwaita akina mama mboga wachague utafiti si siasa? Sayansi tuwaachie wanasayansi.*
— Mzee wa Buruburu

Mzee wangu, namna ya kupima tuwaachie, hapo hatugombani. Cha kupimwa ni jambo jingine. Mwaka wa 2000 jarida la udaktari la Lancet lilichapisha utafiti kuhusu maumivu ya goti: kazi nyingi za watafiti zilikuwa za kupima vidonge, ilhali wagonjwa wachache tu walitaka vidonge zaidi. Wengi walitaka kujua kuhusu kubadilishiwa goti, na namna ya kuishi na ugonjwa huo. Nani hapo alikuwa ameacha sayansi? Nakukubalia jambo moja: umma huchagua magonjwa unayoyaona. Mtoto mwenye ugonjwa wa nadra hatapata kura Mukuru wala Buruburu, na lazima abaki mtu wa kumtetea ambaye hakupigiwa kura.

*Nilitolewa damu kwa utafiti mwaka jana, sijaambiwa kitu. Naweza kudai majibu?*
— Bodaboda, Kayole

Unaweza. Nakala ya fomu uliyotia sahihi ina nambari ya mtafiti na ya kamati ya maadili iliyompa kibali. Anza na mtafiti, akikuzungusha pigia kamati. Uliza pia nambari ya leseni yake ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, na kumbuka kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari. Majibu ya damu yako na matokeo ya utafiti wote ni vitu viwili, kwa hiyo vidai vyote viwili. Kama fomu imepotea, nenda kliniki mlikotolewa damu, Jumatatu asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, uulize jina la mtafiti mkuu.