Kwa mwalimu uliyepangiwa darasa la kwanza Kigoma

Ukiripoti shule ya msingi mkoani Kigoma, iwe Kasulu, Buhigwe, Kibondo au huku mwambao wa Uvinza, usishangae mwalimu mkuu akikukabidhi darasa la kwanza kabla hujapata hata pa kulala. Hakuna anayeligombania, kwa hiyo hupewa mgeni. Kwenye makaratasi mwalimu mmoja anatakiwa awe na wanafunzi 45. Wewe hesabu mia na kitu, watatu watatu kwenye dawati na wengine chini. Lipokee bila kununa. Katika shule nzima hakuna darasa jingine ambalo mtoto anaingia Januari hajui kalamu inashikwaje, na kabla ya mwaka kuisha anasimama dukani kusoma bei ya sukari.

Kitu cha kwanza cha kujifunza huku ni jua. Saa ni ya nchi nzima, lakini sisi tuko magharibi kabisa, na jua la Kigoma huchomoza karibu dakika 40 baada ya lile la Dar es Salaam. Ringi ya gari inayotumika kama kengele ikigongwa, kuna watoto waliotoka kwao gizani, na wengine wangali njiani. Mwalimu aliyezoea Pwani huwaona wavivu, anawapanga mstarini wapige magoti. Waulize kwanza wanatoka kitongoji gani, kisha siku moja baada ya masomo rudi nao kwa miguu mpaka huko. Hutahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa sababu hiyo, sauti mpya ya herufi usiifundishe kipindi cha kwanza. Kipindi hicho ni cha marudio, nyimbo na kuhesabu kwa pamoja, ili anayefika amechelewa asikute kitu kimempita. Kusoma weka kipindi kinachofuata, wakiwa wametimia na bado wana nguvu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30 tu na hazirudi, kwa hiyo andika ubaoni kabla hawajaingia. Shule yenu ikiwa haina uji, kila jambo gumu liishe kabla ya saa nne na nusu. Baada ya hapo utakuwa unaongea na ukuta.

(Ukija kupewa darasa la tano, tumia jua hilohilo. Simamisha kijiti uwanjani, watoto waweke alama ya ncha ya kivuli kila baada ya robo saa. Wataona wenyewe kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hutokea karibu saa saba mchana, wala si saa sita kamili kama wengi wanavyokariri. Waache wabishane kwa nini, usiwakimbilie na jibu.)

Vijiji vya mwambao, kama Ilagala na Sunuka, vina na mwezi wao. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haivuti samaki mwezi ukiwa mkubwa. Wiki za giza, baba yuko majini usiku kucha na asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuna kazi ya kuanika. Mtoto wa miaka saba anatumwa kama wengine. Mbalamwezi ikija, darasa linajaa. Fungua rejista ya miezi miwili iliyopita uiweke pembeni ya kalenda, utaona ninachosema. Mada inayobeba nyingine, kama kuunganisha silabi, ipeleke kwenye siku za mbalamwezi, na siku za giza fanya mazoezi. Ziwa likifungwa kupumzisha samaki, kama ilivyokuwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, mpangilio huo unavunjika. Uliza upya familia zimeelekea wapi. Bara kwenye mashamba, kinachokuchukulia watoto ni palizi, na kwa bahati mbaya inaangukia Januari, wiki zilezile unazoandikisha.

Sasa lugha. Mtoto wa Kasulu vijijini anaweza kuingia darasani na Kiha, lugha ya Waha wa huku, peke yake. Kiswahili chako cha chuo, hata ukikisema polepole, kwake ni kelele. Usimtangaze kuwa mzito. Wiki za mwanzo fundisha kwa vitendo: simama, kaa, leta, funga mlango, onyesha pua. Amri inayotekelezeka kwa mwili inaeleweka bila tafsiri. Mteue monita anayejua lugha zote mbili, lakini asikae kando yako akitafsiri kila sentensi, kwani wenzake watamsubiri yeye na wataacha kukusikiliza. Mtumie pale tu unapoona nyuso zote zimeganda. Na wewe jifunze salamu. Ukiingia na “Mwakeye!” asubuhi, darasa zima litakucheka matamshi, na tangu dakika hiyo wao nao hawataogopa kuchekwa wakijaribu Kiswahili.

Herufi fundisha kwa sauti yake. Midomo ikifungwa ikatoa /m/, hapo ndipo inapokutana na a ikawa “ma”. Mtoto aliyefundishwa kuimba majina ya herufi huwa na wimbo mzuri na hawezi kusoma “mama”. Utapambana pia na l na r: Waha wengi hutamka r mahali pa l, na kwenye imla itatokea hivyohivyo. Kwenye kusoma, mtoto akielewa neno lakini ulimi ukateleza, mwache aendelee. Tatizo lenyewe litenge kipindi chake, kwa maneno yanayobadilika maana: kula na kura, mahali na mahari. Hilo la mahari huwafurahisha sana.

Jihadhari na watoto wanaosoma kwa kukariri. Ukurasa ukishasomwa kwa pamoja siku tatu, nusu ya darasa wanausoma huku wakiangalia dirishani. Ziba picha kwa mkono, anzia mstari wa mwisho, gusa neno la katikati. Ukipata kimya, umejua wa kubaki naye.

Kuhesabu usisubiri zana za kununua. Huku kokwa za michikichi zimejaa nyuma ya kila nyumba inayokamua mawese, ongeza vizibo vya soda na vijiti. Vijiti kumi vifungwe kamba, viitwe kumi, na mtoto avishike mkononi kabla ya kuandika 10. Anayeandika 23 kama 203 dawa yake iko hapo.

Kwa wingi ule, mikono inayonyooshwa ni ya walewale kumi wa mbele. Andika majina kwenye vijiti, weka kwenye kopo, chomoa kimoja. Madaftari usibebe nyumbani mia nzima. Utasahihisha wiki mbili kisha utaacha. Sahihisha ukitembea kati ya madawati wanapoandika, safu moja kila siku, na umwambie mtoto kosa lake palepale akiwa bado analikumbuka.

Fimbo utaikuta mezani, na wenzako wataichukulia kama chaki. Kanuni za mwaka 2002 zimeiweka mikononi mwa mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, kwa kosa kubwa, visizidi viboko vinne, na iandikwe kitabuni. Kushindwa kusoma “mbuzi” si kosa kubwa. Mwalimu mgeni anayempiga mtoto wa darasa la kwanza kwa jibu lisilo sahihi ananunua utoro, na mzazi hatakuja kulalamika; atamwacha tu nyumbani alinde ndege shambani.

Wazazi wafuate wewe, usiwaite kwa barua. Kaa ulipokaribishwa, salimu mpaka salamu iishe, kisha ndipo useme habari za mtoto, na uanze na zuri. Siku ya mdhibiti ubora wa shule, azimio la kazi na andalio la somo viwe mezani vimesainiwa. Ila ujue akiwa mtu makini atakwenda nyuma kabisa ya darasa, atachukua daftari la mtoto aliyekaa chini na kumwambia amsomee.