Barua kwa Mwanangu: Nyumba ya Malindi Kabla Hawajaja Kuitazama

Mwanangu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Sisi huku Wete, Pemba, hatujambo, dada yako anakusalimu, na watoto wanauliza utakuja lini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema dalali ana watu wawili wanaotaka kununua, watakaokuja kuitazama nyumba aliyotuachia marehemu baba yenu hapo Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, Jumamosi ya wiki ijayo, na unaniuliza uanzie wapi kusafisha, na ule ukuta wa ukumbini unaobabuka uupake rangi au uuwekee kabati mbele. Nitaanza na ukuta, maana huo ndio ulionikosesha usingizi.

Usiupake rangi, wala usiuwekee kabati.

Nyumba ile ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba zote kongwe za Mjini. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu kutoka ardhini, na kutoka juu mvua ikipata pa kupenya, kisha huutoa nje pole pole hewa ikiupitia. Maji yakishatoka huacha chumvi, na ile chumvi ndiyo inayoisukuma lipu mpaka ikabanduka. Utizame vizuri: doa haliko chini sakafuni, limeanzia usawa wa kiuno. Sababu yake ni kwamba chini pale palipigwa saruji zamani, kabla wewe hujazaliwa. Saruji haipitishi unyevu, basi maji yakapanda mpaka yalipokutana na chokaa, yakatokea hapo. Rangi ya mafuta itafanya vile vile. Jumamosi ukuta utang'aa, masika yakiingia utatoa malengelenge, na aliyenunua atajua kuwa tulijua.

Chukua brashi kavu ya nyuzi, iwe laini, usugue ule unga mweupe na lipu iliyolegea. Tandika gazeti chini, kusanya kila kitu, ukakitupe nje. Usiuoshe ukuta kwa maji, maana maji huiyeyusha chumvi ikarudi ndani. Sehemu hiyo ukishaisugua iache wazi. Kuta nyingine za ukumbi zipigwe chokaa, na umwambie fundi aizimue iwe nyepesi kama maziwa, aulowanishe ukuta kidogo kwanza, apake mkono mmoja, aache ukauke ndipo arudie. Mkono wa kwanza ukiwa mbichi utaona kama hajapaka kitu, ukuta unaonekana ule ule. Usimgombeze, chokaa huwa nyeupe ikikauka. Na watoto wa jirani wasikaribie ndoo, chokaa inaunguza macho.

Jambo jingine, mpandishe mtu juu atizame mfereji wa bati upande wa uchochoroni. Majani huwa yanajaa pale, maji yanamwagikia ukutani badala ya kushuka kwenye bomba. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na huenda ndiyo nusu ya maradhi ya ukuta ule.

Watakapokuja, uwaonyeshe doa kabla hawajaliona wenyewe. Najua kaka yako atasema watashusha bei. Washushe. Unakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Sasa sisi tutakuwa na udhuru gani na unyevu wetu? Isitoshe, katika dini yetu mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana haki ya kurudisha alichonunua. Fikiria fedha zimeshagawanywa kwa warithi, kila mtu kashatumia fungu lake, halafu mtu anagonga mlango anadai kurudishiwa. Mimi na thumuni yangu, fungu langu la mjane, siwezi mambo hayo.

Kaka yako pia aache habari ya kuweka madirisha ya alumini na vigae vipya ili nyumba ionekane ya kisasa. Mji Mkongwe uko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na huwezi kubadilisha madirisha bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Halafu anayetafuta nyumba Malindi anazitaka zile mbao.

Sasa usafi wenyewe. Kabla hujagusa ufagio, kuna vitu vya marehemu baba yenu. Usigawe wala usitupe kitu, hata kile kiti kilichovunjika mguu, mpaka warithi wote wamejua. Piga picha kila chumba, andika kilichomo, watumie ndugu zako wote kwa siku moja ili asitokee wa kusema hakuambiwa. Watakachokubaliana kitolewe, mwombe ami yako akupe chumba chake cha nje mkiweke kwa muda. Misahafu, karatasi za baba na zile picha za harusi zetu uzichukue kwako. Siku hizi mtu anaingia na simu mkononi, anapiga picha kila pembe, na sitaki sura yangu ya ubibi harusi izunguke kwa madalali wa Darajani.

Nyumba ikishapungua vitu utaona inavyopumua. Vyumba vyetu, unajua, ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita 3. Ukiweka kabati upande huu na kitanda upande wa pili, chumba kinageuka ujia. Acha kitanda kimoja, kikae kwa urefu kando ya ukuta, na njia ya kwenda dirishani ibaki tupu. Mtu akifungua mlango macho yake yaende moja kwa moja kwenye mwanga. Mapazia mazito yateremshe yote.

Anzia juu ushuke. Funga ufagio wa chelewa kwenye upondo, ukung'ute tandabui kwenye boriti, na ukiwa hapo tizama kama kuna unga wa mbao unaodondoka. Ukiuona, ni bungua, na hilo nalo liandike katika ya kuwaambia. Kisha vumbi la madirishani na kwenye zile nondo, kisha milango, sakafu mwisho kabisa. Wengi huanza kupiga deki halafu wanakung'uta dari, wakapiga deki tena.

Mlango wa mbele uufanye wewe mwenyewe, usimwachie kijana. Nakshi zile zinataka brashi kavu ya meno, moja moja, uifuate kila jani na kila mnyororo. Misumari ya shaba isugue kwa ukwaju uliolowekwa, lakini ukwaju ubaki kwenye shaba tu. Shika kitambaa kingine chenye maji kidogo, ufute pale pale usiingie kwenye mbao, kisha ukaushe. Usipake mafuta ya kupikia, ingawa yatang'aa. Vumbi la barabarani litanasa juu yake, na kabla ya Jumamosi mlango utakuwa na matope. Vanishi usiiguse kabisa.

Chooni na jikoni kuna ule ukoko mweupe wa maji ya kisima kwenye mabomba na vigae. Maji ya Unguja yanapita kwenye mawe ya chokaa, ndiyo maana yanaacha alama. Siki au ndimu inautoa: lowesha kitambaa, kifunge kwenye bomba, kiache kikae, kisha usugue. Lakini siki na ndimu zisifike kwenye ile ngazi ya chokaa wala kwenye marumaru ya ukumbini, zitayala. Na sikiliza hili kwa makini: siku unayotumia siki usitumie jiki mahali hapo hapo, wala usichanganye jiki na ile dawa kali ya chooni. Vikikutana hutoa moshi wa sumu unaokamata kifua, na choo chetu kina kidirisha kimoja tu. Kama karo la choo limejaa livutwe wiki hii hii, usingoje Ijumaa.

Habari ya harufu. Shangazi yako atakushauri ufukize udi nyumba nzima. Chetezo kimoja asubuhi, mapema, chumba cha mbele, basi. Mzanzibari akiingia nyumba iliyozama katika udi saa nne za mchana anajiuliza kinafichwa nini. Harufu ya koga haiondolewi na udi, inaondolewa na hewa: kuanzia leo fungua madirisha yote asubuhi, na makabati yafunguliwe milango, yavutwe mbali na ukuta. Magodoro yaanikwe juani. Ijumaa usikaange samaki humo ndani, kuleni kwa ami yenu. Asumini kidogo kwenye kisahani mlangoni nimeziruhusu.

Siku yenyewe waambie waje saa tatu asubuhi au baada ya alasiri. Mchana wa jua kali nyumba ya mawe ina baridi nzuri ndani, hilo ni kweli, lakini mtu akitoka kwenye mwanga mkali hupofuka kidogo, vyumba vinaonekana vyeusi. Tukuza, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe na yuniti za kutosha na kila taa iwake, hata ile ya ngazini. Tangi lijazwe usiku, kwa kuwa mnunuzi mwenye akili hufungua bomba. Nguo za kamba za uani ziondolewe. Baraza ifagiliwe, na kipande cha uchochoro mbele yetu pia, ingawa takataka si zetu. Wazee wanaocheza bao pale usiwaondoe. Wasalimie, waambie kuna wageni. Mnunuzi akiwaona atajua mtaa una watu.

Usiwe peke yako. Ami yako awepo, awe mmoja wa kuwapokea, wewe uwatembeze. Wakiwa wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja atembezwe peke yake, dalali asiwachanganye ili wapandishiane. Watavua viatu mlangoni bila kuambiwa kama ni watu wa hapa. Kama ni wageni, uwaambie kwa upole. Karatasi za nyumba na za mirathi kutoka Kamisheni ya Wakf wape nakala tu wakiziomba, asili ibaki mkobani mwako.

Bei wakikuuliza, sema Mama na ndugu zako ndio watakaojibu, hata kama unaijua. Dalali atakubana kweli kweli hapo.

Fundi wa chokaa mtafute leo, maana wanaojua kazi hiyo wamebaki wachache na hawakai bila kazi. Akikwambia atachanganya saruji kidogo ishike vizuri, tafuta mwingine. Nitumie picha ya mfereji ukishasafishwa.

Mama yako